Jinsi ya kurudi na nyimbo kutoka likizo, ninavyofanya mi nikienda Unguja

Nyimbo tatu ninazozifanyia kazi sasa hivi zote zimetoka Unguja, likizo ya siku nane tu, na gita sikushika hata siku moja nikiwa kule. Mi napiga gita na kutunga hapa Dar miaka mingi, na likizo za zamani nilikuwa narudi mikono mitupu kwa sababu nalazimisha kutunga hukohuko, nakaa ufukweni na gita nasubiri wimbo uje, hauji, naishia kupiga vilevile ninavyopiga nyumbani. Siku hizi kule naokota tu, kutunga natunga nikirudi. We popote unapoenda, Tanga, Lamu, Bukoba, hatua ni hizihizi ila mi naongelea ninapopajua.

HATUA YA 1: Gita libaki nyumbani

Najua inauma. Lakini vidole vina mazoea, ukilishika tu vinakimbilia kodi za C, G, Am, F kabla hujasikia chochote, na usipokuwa nalo inabidi wazo uliimbe kwa mdomo, na melodi ya mdomoni haifuati kodi, inafuata pumzi.

HATUA YA 2: Andaa simu kabla hujapanda boti

Futa video za zamani upate nafasi. Nilishapoteza rekodi ya kidumbaki kizima, ule muziki wa ngoma wa harusi za mtaani, fidla, sanduku la besi, vile vidumbaki viwili yaani ngoma ndogo, cherewa za kutikisa, vijiti vya mkwasa, vyote, simu ilijaa katikati na mi sikuangalia, mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Tafuta programu ya kurekodi inayotoa WAV, faili la sauti lisilobanwa, zima mtandao simu isije ikaita, halafu ivishe soksi nyembamba upande wa maiki maana upepo wa baharini unafunika kila kitu. Kila rekodi ianze na sauti yako, uko wapi na ni saa ngapi. Isipungue dakika moja.

Na anzia kwenye boti lenyewe. Mngurumo wa injini una noti, fungua tuna ya simu, ile programu ya kupimia noti, uitafute, imba juu yake taratibu, mpaka unafika bandarini Malindi, Unguja, sikio limeshachemka.

HATUA YA 3: Siku mbili za mwanzo sikiliza tu

Jioni kaa barazani Jaws Corner, kijiwe cha kahawa Mji Mkongwe, agiza kahawa, tulia. Sikiliza vikombe vinavyogonganishwa, havigongwi sawasawa kama mashine, kuna pigo moja linachelewa kidogo na utamu uko hapohapo. Wachuuzi wanaonadi nao kila mmoja ana melodi yake, noti mbili tatu, mwisho inapanda. Usiidharau hiyo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alitoka kijiji cha Fumba akawa anatembeza vyungu mjini na kuvinadi kwa sauti yake, kabla hajawa yule aliyeenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri.

Usirekodi watu kimyakimya jamani. Toa shikamoo, omba, ukikataliwa shukuru uendelee na safari. Azana mi sirekodi kabisa kwa ajili ya muziki, naisikiliza tu.

HATUA YA 4: Chukua mwendo, sio sauti tu

Hapa ndo nilipata wimbo wa kwanza. Jambiani niliwakuta kina mama wanapiga makumbi ya nazi, ile ya kutoa usumba wa kusokotea kamba, wako watatu, kila mmoja na mpigo wake, nikawaomba nikae nao, mmoja akaniuliza "we baba unataka sauti ya makumbi?" nikamwambia ndiyo bibi, nikakaa karibu saa nzima. Nikagonga tempo kwenye simu nikapata mapigo 92 kwa dakika, halafu nikaanza kuhesabu, mmoja anapiga tatu mwenzie anapiga mbili katika nafasi ileile na wala hawagombani. Igonge mapajani, mkono huu tatu mkono huu mbili, mpaka mwili uishike bila kuhesabu. Ukiishika hivyo hata simu ikiibiwa biti unayo.

HATUA YA 5: Kaa kitako na wanaojua

Hii ndo hatua ninayoithamini kuliko zote kwa hiyo usiiruke kwa kisingizio kwamba uko likizo. Pale mjini kuna Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki tangu 2002, mi nililipia masomo mawili ya ganuni, ala ya nyuzi nyingi ya taarab, sio kwamba nitaijua ganuni kwa masomo mawili, nilitaka kusikia mtu wa taarab anavyofikiri noti. Tukaanza na Hijazi, moja ya makamu, yaani ngazi za noti za Kiarabu. Kwenye gita anzia D: D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C. Lile pengo kati ya E flati na F shapu ndo roho yake, wapiga gita wengi wanalivuka haraka, we lala hapo. Mwalimu alinisimamisha mara tatu, "usiende mbio mwanangu, noti ikae mpaka ishibe," na hilo neno moja limebadilisha solo zangu zote.

Rasti, makamu nyingine, ni habari tofauti. Ukianzia C noti ya tatu inakaa kati ya E na E flati, wapiga udi na fidla wanaipata kwa sababu ala zao hazina freti, vile vyuma vya kwenye shingo ya gita, ganuni ina vile vyuma vidogo vya kurekebisha nyuzi, ila gita letu hilo halina. Unaweza kuvuta uzi wa E flati kidogo lakini mi naona bora umwachie mwimbaji.

Kama utapata nafasi ya kuingia kwenye mazoezi ya vikundi vya taarab, Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, omba kwa adabu, kaa nyuma, simu mfukoni. Angalia ala zinavyoongea muda mrefu kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

HATUA YA 6: Maneno

Soma maneno ya kwenye kanga. "Japo sipati tamaa sikati", hesabu mizani, yaani silabi, 5 halafu 6, na zote zinaishia na ti. Usiibebe kama ilivyo, bakiza mizani na vina weka maneno yako.

HATUA YA 7: Rudi, subiri wiki, ndo ushike gita

Nilirudi na rekodi 46. Sikuzigusa wiki nzima, nikaandika tu zile ninazozikumbuka bila kusikiliza, zikawa saba, zingine zote nikaziweka pembeni. Kati ya hizo saba zikatoka nyimbo tatu.

Kama sauti ya mtu inaingia kwenye wimbo, mpigie mkubaliane malipo kabla ya studio na jina lake liandikwe, na wimbo usajili kwenye ofisi ya hakimiliki, huku bara COSOTA, Zanzibar COSOZA. Wale kina mama wa makumbi sauti yao halisi ipo mwanzoni mwa wimbo, sekunde ishirini hivi, na chao wamepata.

Wa Hijazi umekamilika. Wa tatu koresi bado inagoma, nimejaribu kodi zote, nahisi inataka fidla na fidla hiyo iko ng'ambo, kwa hiyo Februari wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara navuka tena.