Namna ya kupanga ofisi ya kampuni mpaka mgeni ajue mnafanya kazi gani kabla hajasoma kibao

Ukizunguka maofisi mapya ya hapa Dar mengi unakuta kitu kilekile, taizi nyeupe za kung'aa, dari ya gipsamu yenye taa za buluu pembeni, kaunta ndefu ya mapokezi na logo ya akriliki imewashiwa taa kwa nyuma, yaani ukiibandua ile logo huwezi kujua umeingia kwa mawakili, kwenye bima au kwa wauza vipuri. Na hela imetumika kweli. Mimi kazi yangu ndo hii ya kupanga ofisi na inaniuma sana kuona hivyo, kwa hiyo naandika hapa namna ninavyofanya, mwenye kampuni au hata HR aliyetupiwa hii kazi ghafla aweze kuanzia mahali.

Kwanza kabisa usifungue Pinterest, ule mtandao wa picha za mapambo, na usianze na rangi ya logo. Omba kiti ofisini kwao kwa siku mbili nzima ukae kimya uangalie watu wanafanya nini kwa mikono yao. Nani anapokea wageni, wageni wanakuja na nini mkononi, kitu gani kinabebwa kutoka meza hii kwenda ile, watu wanasimama wapi kuongea, chai inanyweka saa ngapi na wapi. Ukimuuliza bosi kampuni yenu ikoje atakwambia ya kisasa, ya kuaminika, yenye weledi, na hayo maneno kila kampuni inayo, huwezi kuchora ukuta kwa neno weledi. Ila ukisema hawa watu wanatoa makontena bandarini, hapo una kitu cha kuchora.

Nitoe mfano wa kazi niliyoifanya, kampuni ya uwakala wa forodha, watu wapatao ishirini. Siku ya kwanza nilichokiona ni vizibao vya riflekta na helmeti vimerundikwa nyuma ya mlango wa stoo, kila kijana akitoka kwenda bandarini anachambua rundo anatafuta cha kwake, na mkurugenzi akaniambia hivyo kwenye ofisi mpya tuvifiche kabisa manake vinachafua sura. Nikamwomba aniachie nifanye kinyume. Tukapiga ubao wa mninga kwenye ukuta unaoonekana ukiingia tu, misumari ya mbao ishirini na mbili, kila mmoja na jina la mtu limechongwa chini yake, kizibao na helmeti vinakaa hapo. Sasa mgeni akiingia saa nne asubuhi anaona misumari nusu iko wazi, anajua vijana wako bandarini wanahangaikia mzigo wake, na jioni vyote vimerudi. Hakuna logo inayoweza kusema hivyo. Kitu kingine, wateja wao wanakuja na mafaili mazito ya makaratasi na kaunta ya zamani ilikuwa na kimo cha sentimita 110 hivi, wanasimama wamekumbatia faili huku wanapekua, tukaitoa tukaweka meza pana yenye kimo cha sentimita 75 na viti pande zote mbili, mteja na ofisa wanakaa wanafunua karatasi pamoja. Ukifikiria vizuri ndo baraza ya nyumba za uswahilini kwetu pwani, mgeni anapokelewa nje kwa heshima na shughuli inaisha pale pale bila kuingizwa ndani.

Kama unataka kuona jengo linalosema kazi yake nenda kaangalie soko la Kariakoo alilochora Beda Amuli, lililofunguliwa 1975. Lile paa la miavuli mikubwa ya zege, mimi nikilitazama naona watu wanauza chini ya miti, na miavuli yenyewe imeinamia ndani ikusanye maji ya mvua. Umbo limetoka kwenye kazi.

Ukishajua kazi ndo unashika futikamba. Pima kila kitu, nguzo, madirisha, kimo cha dari, soketi zilipo, na usome mkataba wa pango vizuri kabla hujatindua ukuta wowote, wenye majengo wengine hawaruhusu kugusa sakafu wala kutoboa nje kwa ajili ya AC, na wengine wanataka ukiondoka urudishe kama ulivyokuta. Korido kuu iachie sentimita 120, mlango usipungue 90 ili mwenye kiti cha magurudumu apite bila kuomba msaada, kama kuna ngazi ya kuingilia weka mteremko wenye urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita moja ya kupanda. Hapo hapo kwenye ramani tenga sehemu ya kuswalia yenye bomba la kutawadha karibu, pamoja na chumba kidogo cha mama anayenyonyesha, haya ukiyaacha mpaka mwisho hayapati nafasi tena, na kampuni inayojiita familia halafu watu wake wanaswali kwenye ngazi, sura yake halisi ni hiyo ya kwenye ngazi.

Rangi. Hapa ndo wengi wanaumia. Rangi ya logo imetengenezwa kwa ajili ya skrini na karatasi, ukimpelekea muuza rangi picha ya simu achanganye utapata kitu kingine kabisa, omba namba ya rangi kwa aliyechora logo halafu tafuta iliyo karibu kwenye katalogi ya rangi za ukuta, kisha pakeni kipande cha mraba wa mita moja ukutani, kwenye ukuta ulioshapigwa skimu (ile plasta laini ya mwisho) na msasa, mkiangalie asubuhi, saa tisa mchana, na usiku taa zikiwaka. Siku mbili tatu za kusubiri hazina hasara. Nimeshaona ofisi imepakwa buluu ya logo kuta zote nne na taa zikawekwa zile nyeupe kali za Kelvini 6500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda mwanga unakuwa mweupe zaidi), watu wote walionekana kama wagonjwa na wakaanza kuzima taa. Mimi rangi ya kampuni naiweka kidogo mahali ambapo mkono au jicho linafika, mshikio wa mlango, kiti kimoja cha mapokezi, ndani ya kabati, ukuta mmoja mfupi, basi. Kuta zingine ziwe tulivu.

Vifaa ndo vinabeba utambulisho kuliko rangi. Kampuni ya kahawa ina magunia ya katani, kampuni ya ujenzi ina zege na nondo, wauza vitambaa wana kanga na vitenge, tumia kitu chao chenyewe kabla hujaagiza chochote nje. Kwa mbao, mafundi wa Keko wanakufanyia meza ya mninga au mkongo ukisimama nao, ila uhakikishe mbao zimekauka, mbao mbichi ukiipeleka kwenye chumba cha AC itapinda na kupasuka, nenda mwenyewe ukaiangalie kabla haijapigwa vanishi. Michoro ya Tingatinga na vinyago vya Kimakonde ni vizuri mno lakini usivibandike kwa sababu tu kampuni ni ya Tanzania, kila hoteli imeshafanya hivyo, weka kama vina uhusiano na hao watu. Picha za ukutani ziwe za wafanyakazi wenu na kazi zenu, wale wazungu wanaopeana mikono wa kwenye intaneti waacheni.

Taa za kazini Kelvini 4000 zinatosha, mapokezi na sehemu ya chai weka 3000, na juu ya meza lenga laksi 500, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, kuna programu za simu zinapima kwa kukadiria. Jua letu hapa linahama, Juni liko kaskazini Desemba liko kusini, lakini dirisha la magharibi linachoma kila jioni mwaka mzima, usiweke meza zenye kompyuta zikiwa zimelipa dirisha hilo mgongo, weka hapo korido au makabati na ufunge blaindi. AC isimpige mtu kichwani.

Sauti watu wanaisahau kabisa. Simama katikati ya chumba kitupu upige kofi moja, ukisikia mwangwi ujue siku watu ishirini wakiongea na simu hapatakalika. Taizi, vioo na gipsamu vyote vinarudisha sauti, weka kapeti sehemu ya simu nyingi, mapazia mazito, na mikeka ya katani kwenye fremu ukutani yenye sponji kwa nyuma, hiyo ya Tanga ni nzuri na ina sura yetu. Chumba cha mikutano cha vioo kama partisheni imeishia kwenye dari ya gipsamu sauti itapita juu kwa juu mpaka chumba cha pili, mwambie fundi aipandishe mpaka kwenye zege lenyewe. Kuna mteja alizungumza mshahara wa mtu kwenye chumba kama hicho na ofisi nzima ikasikia.

Nyaya za umeme na intaneti zipite kabla ya skimu na rangi, na uzidishe soketi kuliko unavyodhani, manake hakuna kitu kinachoharibu ofisi nzuri kama ekstensheni zinazotambaa sakafuni wiki ya pili.

Na kwenye bajeti usinunue fanicha zote kabla ya kuhamia, bakiza hata sehemu moja ya kumi. Wahamie, wafanye kazi mwezi mmoja, halafu urudi na futikamba yako asubuhi watu wakiwepo, uangalie viti vimesogezwa wapi, meza gani imegeuka kabati la mafaili, kona gani haikaliwi na mtu. Kwa wale wa forodha nilikuta wamejitafutia stuli mbili wakaziweka chini ya ule ubao wa vizibao, wanakaa pale kuvaa buti. Hela iliyobaki nikawatengenezea benchi la mninga.