Namna ya Kuchagua, Kukagua na Kumiliki TVR ya Injini ya V8

Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye amekwisha kuamua moyoni kwamba anataka gari la spoti la Kiingereza, lenye injini kubwa na mngurumo wa kuamsha mtaa, lakini mfuko wake haufikii Aston Martin. Kwa mtu wa namna hiyo, jina la kwanza la kufikiria ni TVR, na hasa aina mbili zilizoundwa katika miaka ya 1990 huko Blackpool, mji wa pwani ulio kaskazini-magharibi mwa Uingereza: Griffith na Chimaera. Shauri langu kuu ni kwamba mnunuzi wa magari haya asinunue injini, bali anunue chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, kwa kuwa injini hutengenezeka kwa bei inayojulikana, ilhali chesisi iliyooza humla mwenyewe taratibu bila yeye kujua.

Ni vyema kwanza kuelewa kinachowavuta watu, kwa sababu kivutio hicho ndicho pia chanzo cha gharama. Kampuni ya TVR ilianzishwa na Trevor Wilkinson mwishoni mwa miaka ya 1940, naye akaipa jina kwa kuokota herufi tatu katika jina lake mwenyewe. Mwaka 1981 ilinunuliwa na Peter Wheeler, mhandisi wa kemikali aliyekuwa mteja wa TVR kabla ya kuwa mmiliki, na ndiye aliyeipa tabia inayokumbukwa hadi leo. Wheeler hakutaka ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge dereva anapokanyaga breki), hakutaka mifuko ya hewa, wala hakutaka mfumo wa kuzuia tairi kuserereka, akiamini kwamba vitu hivyo humpa dereva ujasiri asioustahili. Kuhusu mifuko ya hewa mimi ningebishana naye, lakini hatimaye msimamo wake ulizaa gari jepesi, lisilo na chochote kinachomwamulia dereva jambo. Griffith 500 ina uzito wa kilo 1,060 hivi, na kiwanda kilitangaza kwamba injini yake ya lita 5.0 inatoa nguvu za farasi 340, kiasi cha kulifikisha gari maili 60 kwa saa kwa sekunde nne na ushei. Wamiliki waliopeleka magari yao kwenye mashine za kupimia nguvu wamezoea kupata pungufu ya hapo. Muuzaji anayeapa kwamba lake lina 340 kamili usimkatalie, ila usimlipie.

Injini yenyewe si ngeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Ni ile V8, yaani ya silinda nane, ya alumini iliyoanzia kwa Buick ya Marekani mwaka 1961, kisha Rover ya Uingereza ikapata haki ya kuiunda, na kuanzia mwaka 1970 ikawa chini ya boneti ya Range Rover. TVR waliichukua wakaipanua hadi lita 4.0, 4.3, 4.5 na hatimaye 5.0, lakini fundi aliyewahi kufungua Range Rover ya zamani au Land Rover Discovery ya V8 hatapotea akiiona. Hii ndiyo sababu nasema injini isikutie hofu, kwani vipuri vyake vingi bado vinapatikana, na wanaoifahamu ni wengi.

Katika kuchagua, mtu hukabiliwa na majina mawili yanayofanana sana chini ya ngozi. Griffith ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Birmingham mwaka 1990 na ikaendelea kuundwa hadi mwaka 2002, ambapo magari 100 ya mwisho yalitolewa kama toleo maalumu. Chimaera ilifuata baadaye kidogo, ikadumu hadi mwaka 2003, na ndiyo TVR iliyouzwa kuliko nyingine zote. Griffith ni nzuri zaidi kwa macho na ngumu zaidi kwa mgongo; Chimaera ina springi laini kidogo na buti kubwa zaidi, na kwa kawaida bei yake ni ya chini. Wapenzi wa magari haya hupenda kusimulia kwamba mbwa wa Wheeler, aliyeitwa Ned, aliing'ata modeli ya povu ya Chimaera wakati ikichongwa, na kwamba alama ya meno yake ndiyo iliyogeuzwa kuwa nafasi ya taa za ishara za mbele. Hadithi hiyo haiongezi thamani ya gari hata senti moja, ila utaisikia kwa kila muuzaji.

Kwa mtu anayenunua TVR kwa mara ya kwanza, ningependekeza Chimaera ya lita 4.0 au 4.5. Watu huidharau ya 4.0 kwa kuwa kiwanda kiliitangaza kwa nguvu za farasi 240 tu, lakini katika gari la uzito huo nguvu hizo zinatosha kumfanya mtu mzima ashike usukani kwa mikono miwili na kunyamaza.

Sasa tuje kwenye ukaguzi, ambao ndio kiini cha jambo hili. Bodi ya TVR ni ya faiba, na faiba haishiki kutu. Chini ya bodi hiyo kuna chesisi ya mabomba ya chuma, yenye uti wa kati ambamo giaboksi na shafti hupita, na mabomba ya pembeni yanayotoka kwenye uti huo kwenda chini ya milango. Chuma hicho kilipakwa rangi ya unga iliyookwa, ambayo ikishapigwa na kijiwe hufunguka kidogo, maji yakaingia na kukaa chini yake, na kutu ikasambaa huku rangi ikiendelea kung'aa kwa juu. Ndiyo maana wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: gari linaweza kuwa na bodi inayometameta kama lililotoka kiwandani jana huku chesisi yake ikimegeka kwa kidole.

Kwa hiyo usikubali kulikagua gari likiwa limekaa chini. Mwombe muuzaji mkutane kwenye gereji yenye lifti, na ulipie mwenyewe saa moja ya fundi ikibidi. Gari likishainuliwa, anza na mabomba ya pembeni, kwa kuwa ndiyo yanayooza kwanza. Upande wa chini wa bomba unaweza kuonekana safi kabisa, kwa hiyo uupuuze. Ingiza kidole katika upenyo mdogo ulioko kati ya bomba na faiba, pale unapoweza kufika, uupapase upande wa juu wa bomba. Chuma kizima huwa laini na baridi. Chuma kilichoanza kuoza huwa na magamba, na kidole hutoka na unga wa rangi ya kahawia. Angalia pia pembe ambamo bomba linakutana na lenzake, mahali ambapo mchanga na majani hujikusanya, kisha gongagonga kwa mpini wa bisibisi na usikilize kama sauti inabadilika. Ukikuta rangi mpya nyeusi iliyopakwa nene, hasa wiki chache kabla ya mauzo, omba picha za kazi iliyofanyika chini yake. Mtu aliyetengeneza chesisi kwa haki huwa anazo picha nyingi na hufurahi kuzionyesha; aliyepaka rangi tu atabadilisha mada.

Kutengeneza mabomba hayo ipasavyo humaanisha kuinua au kuondoa bodi nzima, kukata chuma kibovu, kuchomelea kipya, kisha kupaka rangi upya, na bili yake ni maelfu ya pauni. Gari ambalo kazi hiyo imeshafanywa vizuri na kuandikiwa hati lina thamani kuliko lile lenye maili chache na historia ya kukaa kwenye banda lenye unyevu. Kwa kweli maili chache katika TVR si sifa kubwa kiasi hicho, kwa kuwa magari haya huharibika kwa kusimama.

Ukaguzi wa injini ni mwepesi zaidi, mradi ufike kabla haijapashwa moto. Gusa boneti, ikiwa ina joto, muulize muuzaji kwa nini. Iwashe ikiwa baridi na usikilize. Mlio wa tikitiki unaoendelea hata baada ya oili kuzunguka, pamoja na gari kukosa pumzi katika mizunguko ya juu, ni dalili kwamba kamshafti, yaani mhimili unaofungua vali za injini, imelika, na hilo ni jambo la kawaida kwa V8 hii. Si ugonjwa wa kufa, lakini bei lazima ishuke. Chunguza nyaya za plagi, kwa maana zinapita karibu mno na mabomba ya ekzosi na huungua, injini ikaanza kukosa silinda moja.

Baada ya kuliendesha, liache lingurume palepale huku ukiutazama mshale wa joto, mpaka feni za rejeta ziwake zenyewe. Zisipowaka, swichi yake ya joto huenda imekufa. Ni kipuri cha bei ndogo, lakini kinaweza kuua injini ya bei kubwa. Kisha lizime, mzungumze na mwenye gari kwa dakika kumi hivi, halafu liwashe tena. TVR nyingi zikiwa za moto hukataa kupiga stata, kwa kuwa umeme hupita njia ndefu katika nyaya na mfumo wa kuzuia wizi kabla ya kufika. Mafundi hulitibu tatizo hilo kwa kuongeza rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Katika mengi ya magari haya hata milango yenyewe hufunguliwa kwa umeme, kwa kitufe kilichofichwa chini ya kioo cha pembeni, kwa hiyo muulize muuzaji akuonyeshe njia ya kuingia ndani betri ikiwa imekufa. Jibu lake litakuambia kama amewahi kulimiliki gari kwa dhati au alilinunua ili aliuze.

Tairi zisikupite. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kuundwa, kwa mfano 2314, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi yenye kashata nzuri lakini yenye umri wa miaka kumi huwa imekauka, na juu ya gari lisilo na ABS wala kizuizi cha kuserereka, tairi kavu kwenye lami yenye maji inatosha kukugeuza uangalie ulikotoka.

Upande wa karatasi, serikali ya Uingereza humruhusu mtu yeyote kuona bure mtandaoni historia ya MOT ya gari, yaani ukaguzi wa usalama wa kila mwaka, kwa kuingiza namba yake ya usajili. Soma maoni ya wakaguzi mwaka hadi mwaka, maana neno kutu likitajwa na kisha kutoweka bila risiti ya matengenezo, hapo pana swali. Hakikisha pia kwamba gari halidaiwi mkopo, na kwamba hati ya usajili, iitwayo V5C, ina jina la anayeliuza. Kodi ya barabara ya magari yaliyosajiliwa kabla ya Machi 2001 hukadiriwa kwa ukubwa wa injini, na ya baada ya hapo kwa hewa chafu inayotoka, tofauti ambayo huwashtua wanunuzi wa magari ya mwisho mwisho. Mkazi wa London ajue kwamba magari haya kwa kawaida hayatimizi masharti ya ULEZ, eneo la jiji linalotoza magari yenye moshi mchafu, hivyo kila siku atakayoendesha humo atatozwa pauni 12.50. Katika bima, omba mkataba unaotaja thamani mliyokubaliana mapema, kwa maana kampuni ikikadiria yenyewe baada ya ajali, itakadiria kwa kuangalia umri.

Msomaji wa Kenya anayefikiria kulipeleka nyumbani atakutana na kanuni inayozuia kuingiza magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, na kampuni iliacha kuunda magari Blackpool mwaka 2006. Kwa wengi, basi, hili ni gari la kumilikiwa huko huko ughaibuni.

Ukishalinunua, lipeleke kwa fundi anayeijua TVR kila baada ya maili 6,000 au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Wiki za kwanza liendeshe barabara ikiwa kavu, ukanyage mafuta kwa upole unapotoka kwenye kona, hadi mguu wako uzoee urefu wa kanyagio na uzito wa klachi. Majira ya baridi, wakati Waingereza wanapomwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, liweke ndani na uunganishe betri na chaja ndogo ya kuitunza. Ikiwa umelazimika kulitoa, lioshe chini kwa maji mengi siku hiyo hiyo, uliache likauke kabisa, na kila mwaka kabla ya baridi kuanza umwombe fundi apulizie nta ya kuzuia kutu juu ya mabomba ya pembeni, si chini yake tu.