Jinsi ya Kupima Nguvu Halisi ya Dola Hasimu

Anayetaka kujua nguvu ya dola hasimu hana budi kutenganisha yale ambayo dola hiyo imeamua kuyaonyesha na yale ambayo haiwezi kuyaficha. Umoja wa Kisovieti wakati wa Vita Baridi unafaa kujifunzia, kwani makadirio ya Wamarekani na hali halisi vyote vinajulikana leo.

Anza kwa kuhesabu vitu vyenyewe, si gwaride. Mwezi Julai 1955, katika maonyesho ya anga ya Tushino, Moscow, ndege mpya za kudondosha mabomu aina ya M-4 zilipita mbele ya wageni, zikazunguka mbali na macho yao, kisha zikapita tena na kuhesabiwa kama ndege nyingine. Washington ikatabiri kuwa zingekuwa mamia baada ya miaka michache. Zilizoundwa hatimaye, pamoja na toleo lake lililoboreshwa, zilikuwa chache mno kuliko zilizotabiriwa. Hofu hiyo ilianza kutulia pale ndege za upelelezi za Marekani za U-2 zilipopiga picha viwanja vya ndege vyenyewe, kuanzia Julai 1956. Katika makombora mambo yalikuwa yaleyale: Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, alijigamba sana, lakini Septemba 1961, baada ya kupatikana picha za setilaiti za upelelezi za Marekani ziitwazo Corona, Wamarekani walikadiria kuwa mitambo ya kurushia makombora ya masafa marefu ilikuwa kati ya 10 na 25 tu. Uliza pia silaha inahitaji muda gani kuwa tayari, kwani kombora la Kisovieti la R-7 lilitumia oksijeni ya kimiminika, ambayo huvukiza, hivyo halikuweza kukaa muda mrefu likiwa limejazwa.

Kwenye fedha ndiko wengi hupotea. Bei za Kisovieti zilipangwa na serikali, kwa hiyo CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilikadiria jeshi lile lingegharimu kiasi gani kwa bei za Marekani, njia inayokuza hesabu, maana askari wa lazima aliyelipwa rubo chache anaandikiwa mshahara wa Mmarekani. Mwaka 1976 shirika hilo lilipandisha makadirio ya mzigo wa ulinzi kutoka asilimia 6 hadi 8 ya pato la taifa kufikia asilimia 11 hadi 13, na wengi wakadhani vifaru vimeongezeka maradufu. Silaha zilikuwa zilezile. Kilichogundulika ni kwamba viwanda vilikuwa vikimeza rasilimali nyingi zaidi kuziunda. Habari iliyopokelewa kama tishio ilikuwa, kwa mpimaji makini, dalili ya udhaifu.

Takwimu rasmi zisomwe kwa mashaka. Mwaka 1987 Wasovieti wawili, mwanauchumi Khanin na mwandishi wa habari Selyunin, walionyesha kuwa pato la taifa, lililodaiwa kukua takriban mara 90 tangu 1928 hadi 1985, lilikua mara 6 au 7 tu. Takwimu inayoacha kuchapishwa nayo inasema jambo, kama ilivyokuwa kwa vifo vya watoto wachanga katikati ya miaka ya 1970. Pale mnunuzi anaponyamaza, soma daftari la muuzaji: ununuzi mkubwa wa nafaka wa Wasovieti wa 1972 ulikuwa kwenye vitabu vya kampuni za Marekani zilizouza.

Mwisho, chunguza anayehesabu. Jeshi la Anga la Marekani, lililokuwa likiomba fedha za makombora, lilitoa makadirio ya juu ya makombora ya Kisovieti kuliko Jeshi la Nchi Kavu na la Majini, ingawa wote walisoma taarifa zilezile. Kila kadirio basi liandikwe pamoja na jina la idara iliyolitoa na bajeti inayoiomba.