Tai uvae au usivae? Kwa mwanaume wa Tanga mwenye kadi ya harusi mkononi

Jibu la chapchap kwa wale ambao sa hivi wako kwenye bajaji wanaelekea ukumbini: sio lazima, angalia unakaa wapi. Kama ni meza kuu vaa, kama ni kule nyuma karibu na spika, watoto wanapogombania soda, fungua kifungo kimoja upumue. Wenye muda endeleeni kusoma.

Mi sio fundi nguo wala sina duka, ila mtaani kwetu hapa Ngamiani mtu akiwa na shughuli Jumamosi basi Ijumaa usiku ananiletea tai nimfungie, naifunga naiacha legelege, anaenda kuitundika msumarini mpaka kesho yake. Nimewafungia mabwana harusi, wapambe, baba mmoja mtu mzima aliyekuwa anakwenda mahafali ya mwanawe Dodoma, na wote swali ni moja, kwani lazima? Zamani nilikuwa nawajibu ndio, suti ni tai bwana. Nikaja kuacha baada ya harusi ya binamu yangu, mwezi wa pili, kaskazi lenyewe lile la joto na unyevu, umeme ukakata saa mbili usiku na jenereta ikagoma, nimekaa na suti ya vipande vitatu na tai ya poliesta kola imelowa chepechepe, kuinama kuchukua nyama ncha ya tai ikazama kwenye mchuzi. Na sikuwa hata kwenye kamati, nilikuwa mgeni wa kawaida tu, hakuna aliyeniomba nivae hivyo. Tangu hapo mtu akiniletea tai namhoji kwanza.

La kwanza namuuliza kadi inasemaje. Kadi za siku hizi zinaandika dresi kodi, na ikiandikwa suti nyeusi na tai basi mjadala umeisha, wenye shughuli wamesema. Ikiandikwa rangi tu, labda kijani na dhahabu, hiyo sio amri ya tai, ni rangi za ukumbi na za magauni ya kina dada, we mwanaume unaweza kuitoa hiyo rangi kwenye kitambaa cha mfukoni na ukaeleweka vizuri sana. Kadi ikiwa kimya mpigie mweka hazina, yule yule aliyekuwa anakupigia kila siku kuhusu mchango, safari hii mpigie wewe, atapokea haraka.

La pili, ndoa ya wapi. Ndoa ya msikitini hapa kwetu tai haina kazi kabisa, bwana harusi ana joho na kilemba chake na wewe una kanzu na kofia, ukitaka kukamilika zaidi unaweka koti juu ya kanzu kama wazee wetu wa pwani walivyofanya miaka yote. Hapo umevaa rasmi mia kwa mia, hakuna wa kukuuliza tai iko wapi. Tafadhali lakini usiweke tai juu ya kanzu, nshaona mara moja na mpaka leo sijui yule kaka alikuwa anafikiria nini. Ndoa ya kanisani bwana harusi na mpambe wake ndo wenye tai, au ile ya kipepeo, na baba mzazi au mdhamini naye vizuri akivaa maana picha atapigwa nyingi. Sisi waalikwa shati safi na koti linalokaa mwilini linatosha.

La tatu ndo watu wengi hawalifikirii, bwana harusi mwenyewe kavaaje. Siku hizi kuna mabwana harusi wengi wanatoka na suti ya kola ya Kichina, shingoni hakuna kitu, halafu mgeni anakuja na tai ya hariri na pini inayong'aa, watu mlangoni wanampa yeye mkono wa hongera. Uliza mapema, we rafiki yake bwana.

Na kuna sehemu sipindishi, vaa tai na uvumilie joto: usaili wa benki au ofisi yoyote yenye kaunta na kiyoyozi, ukiwa mpambe, ukiwa emsii, ukiwa unapokea kitu jukwaani. Kwenye usaili sababu ni rahisi, ukifika ukakuta wote wako kola wazi unaweza kuivua chooni ukaiweka mfukoni, ila ukifika bila tai na wote wanazo huna pa kuitoa. Ndo maana mi nikiwa na wasiwasi naiviringisha kama ukili naiweka mfuko wa ndani wa koti, haijikunji, nafika naangalia mazingira kwanza.

Sasa watakuja wazee wa heshima kwamba bila tai hujavaa. Heshima ya tai yenyewe ilianzia kwa askari, karne ya 17 huko, wanajeshi wa Croatia walikwenda kupigana upande wa Ufaransa wamejifunga vitambaa shingoni, Wafaransa wakapenda wakaiga, na neno lao la tai linatokana na jina la hao Wacroatia. Na nchi zenyewe hazikubaliani mpaka leo. Mobutu kule Zaire miaka ya 70 aliwapiga marufuku maofisa wake suti na tai za Kizungu akawatengenezea vazi lao. Japani 2005 serikali iliwaambia watu wa ofisini wavue tai na makoti kiangazi ili viyoyozi visikazwe sana, waweke nyuzi 28. Bunge la Uingereza, hao ndo wenye mambo yao, 2017 spika alisema mbunge anaweza kuongea bila tai. New Zealand mwaka 2021 mbunge wa Kimaori alitolewa nje kwa kukosa tai akiwa amevaa pambo la asili yake shingoni, kesho yake tu sharti likaondolewa. Halafu majirani zetu Kenya 2023 wakaenda upande mwingine, spika akakataza suti za Kaunda bungeni, wakati sisi huku suti ya Kaunda mtu anazikia nayo, anaolea nayo, anaendea nayo ofisi ya wilaya. Na picha nyingi za Mwalimu Nyerere ukiziangalia shingoni hana tai. Kwa hiyo mzee akikubana mwambie hivyo, kwa adabu lakini, halafu kama yeye ndo baba wa bwana harusi vaa tu bwana usilete ubishi.

Haya, umeamua huvai. Kutovaa nako kuna kanuni zake, kuvua tai na kubaki na mwonekano wa mtu aliyetoka kugombana sio jambo zuri. Kola ndo kila kitu, iwe ngumu imepigwa pasi isimame yenyewe chini ya koti, kola laini ikilala upande mmoja imekwisha. Fungua kifungo kimoja, sio vitatu, sio beach ya Raskazone hapo. Fulana ya ndani isionekane shingoni, vaa yenye shingo ya V au usivae. Kitambaa cha mfukoni kinasaidia sana kwa sababu jicho linahitaji pa kutua. Na kama hupendi kola wazi basi shona shati la kola ya Kichina au shati la kitenge la mikono mirefu kwa fundi anayejua kulinganisha maua kifuani, hilo halikuachi shingo mtupu na halikudai tai. Kusi likivuma kuanzia mwezi wa sita hivi unaweza kuongeza koti bila mateso, kwenye kaskazi mi naenda na shati la kitenge na roho yangu safi.

Umeamua unavaa, basi tuanze na shati maana kosa kubwa liko pale. Funga kifungo cha juu halafu pitisha vidole viwili kati ya kola na shingo, vikipita vizuri shati ni lako, visipopita azima lingine. Watu wanadhani tai ndo inawanyonga kumbe kola ndogo. Na hili la kunyonga sio utani, kuna madaktari wa macho walipima 2003 wakaona tai iliyokazwa inapandisha presha ndani ya jicho, kwa hiyo ukiona unaanza kuona maluweluwe kabla hata ya keki legeza.

Kufunga sasa. Lile fundo la kawaida la mashuleni ndo namfundisha kila mtu, linatosha maisha yote. Simama mbele ya kioo, inua kola, upande mpana uwe kulia kwako na ushuke chini kuliko mwembamba kama shibiri moja na nusu. Pitisha mpana juu ya mwembamba, uzungushe nyuma yake, urudi tena mbele, halafu uchomeke kutoka chini uende juu kwenye duara la shingoni, ukitokea juu uushushe ndani ya kile kitanzi cha mbele ulichokiacha kwa kidole. Shika mwembamba kwa mkono mmoja, kwa mwingine sogeza fundo taratibu mpaka kwenye kola. Litakaa limepinda kidogo upande mmoja, liache, ndo uzuri wake. Bonyeza katikati chini ya fundo kwa kidole cha shahada kabla hujakaza itoke kile kishimo, hapo ndo watu wanajua umefunga mwenyewe.

Ukitaka fundo nene la pembetatu kwa kola iliyotanuka, njia ni ile ile mwanzo, mpana juu ya mwembamba, uzungushe nyuma, ila hapa uupandishe juu uingize kwenye duara la shingo kwa mbele ushuke ndani, ukitokea pembeni ndo uupitishe mbele, uje juu kutoka chini, ushuke kwenye kitanzi. Kwa mwenye uso mwembamba simshauri, fundo linamla. Yale mafundo ya kwenye video yanayofanana na ua waridi sitayasemea.

Ncha ya mpana iguse chuma cha mkanda. Ikiishia kitovuni unaonekana mwanafunzi, ikipita zipu balaa lingine. Kwa mara ya kwanza utarudia mara tatu nne, kawaida. Upana wa sentimita 7 mpaka 9 unakwenda na makoti mengi. Rangi iwe nzito kuliko shati. Usilinganishe tai na kitambaa cha mfukoni vikafanana kama pacha, vile vinavyouzwa kwenye boksi moja, vifanane undugu tu.

Kununua, mi nanunua mitumba na sioni aibu, tai ya hariri ya mtumba inaishinda poliesta mpya mara kumi hasa kwenye joto letu. Namna ya kuipima iko hivi, ishike kwa ncha nyembamba uiache ining'inie, ikijisokota kama kamba iache hapo hapo. Tai nzuri kitambaa chake kimekatwa mshazari, vipande vitatu, mtindo alioupeleka kusajili fundi mmoja wa New York, Jesse Langsdorf, miaka ya 1920, na huo mshazari ndo unafanya tai ijirudi sawa ukiifungua. Geuza nyuma pia uangalie uzi mrefu uliolegea, usiukate jamani, umewekwa makusudi ili tai inyumbulike. Wangapi wameukata wakidhani ni uzi wa kufumuka.

Mezani ichomeke katikati ya vifungo vya shati au itupe begani, hakuna atakayekucheka maana kila mtu ana njaa. Mchuzi ukidondokea usisugue, weka tishu ukandamize, ukifika nyumbani mwagia poda ya mtoto iache ilale nayo inyonye mafuta, asubuhi ikung'ute. Usifue kwenye beseni na Omo, itatoka imejikunja kama dagaa mkavu. Pasi weka kitambaa kibichi juu na moto mdogo. Na ifungue fundo kila ukivua, hii ya kuitoa kichwani kama kitanzi na kuitundika na fundo lake ndo inaiua, kwa hewa yetu ya bahari yenye chumvi na unyevu ukija kuifungua baada ya mwezi mikunjo haitoki tena.

Ndio najua nilisema mi mwenyewe nawafungia Ijumaa wanatundika mpaka asubuhi. Usiku mmoja haina neno. Shida ni wale wanaoondoka nayo jumla, tai yangu ya bluu bahari yenye madoa meupe ilienda harusi ya Muheza toka mwezi wa nane, mwenyewe kama unasoma hapa, najua bado iko na fundo nililolifunga mimi.