Nywele zinanyonyoka na wewe unazikuza: anzia hapa kabla ya kununua mafuta

Wateja wengi wanaokuja saluni kwa shida ya kunyonyoka nywele huwa wameshanunua mafuta ya aina tatu nne. Yaweke pembeni kwanza. Nywele zikinyonyoka kupita kiasi, mara nyingi sababu yake ilitokea miezi miwili mitatu iliyopita, au iko kwenye mkono unaokusuka, na hakuna chupa itakayokuambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Nimeandika mwongozo huu baada ya kuhangaika na kichwa cha mama mmoja, mwanawe ana miezi minne, aliyekuja akitaka nimnyoe kipara. Alikuwa amekata tamaa kabisa. Hatukunyoa. Haya ndiyo tuliyofanya, pamoja na mengine ninayowaambia wateja wenye nywele zetu hizi za kipilipili, ziwe na dawa ya kulainisha au zisiwe nayo.

Hatua ya 1: Jua kama zinanyonyoka au zinakatika

Watu husema "nywele zinakatika" kwa yote mawili, lakini tiba zake hazifanani hata kidogo. Tandaza kitambaa cheupe mapajani, chana, kisha okota nywele zilizodondoka uzitazame mojamoja dirishani. Unywele ulionyonyoka una kitone cheupe upande mmoja, na urefu wake unakaribiana na wa nywele zako zote. Uliokatika hauna kitone, ni mfupi, na vipande vyake havilingani urefu. Ukikuta vipande vifupi tupu, shida yako ni ukavu, dawa, moto au kitana, kwa hiyo ruka uende hatua ya 4. Ukikuta vyenye vitone, endelea na ya 2. Ukikuta mchanganyiko, fanya zote.

Kile kitone cheupe kisikutie hofu. Shimo linalootesha nywele limebaki salama ndani ya ngozi, na kitone ni ishara tu kwamba unywele ule ulishamaliza muda wake.

Jaribio la pili lifanye kabla ya kuosha. Shika fungu dogo, kama nywele 50 au 60, kwa kidole gumba na cha shahada, uvute taratibu kutoka shinani hadi nchani. Fanya hivyo utosini, pembeni na kisogoni. Kama kila unapovuta zinatoka zaidi ya sita zenye vitone, basi kunyonyoka kunaendelea kwelikweli.

Tena, hesabu vizuri kabla ya kulia. Kichwa chenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Ukikaa na rasta, yaani msuko wa nywele za kuongezea, wiki sita, zile zote zilizojitenga hazikupata pa kudondokea, zimebaki mle ndani ya msuko. Hizo ni kati ya 2,100 na 4,200, na zote utaziona siku moja ya kufumua. Lundo hilo peke yake si ugonjwa. Linalotakiwa kukushtua ni mabadiliko: mto uliokuwa msafi sasa umejaa nywele kila asubuhi, au mstari wa katikati ya kichwa unapanuka.

Hatua ya 2: Rudi nyuma miezi mitatu

Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, kisha husimama, hupumzika kama miezi mitatu, halafu hutoka ili mwingine uote. Mwili ukipata msukosuko mkubwa, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, na zikimaliza muda huo hutoka kwa pamoja. Ndiyo maana mtu haunganishi mambo. Alilazwa kwa malaria kali mwezi wa tatu, nywele zinamwagika mwezi wa sita, analaumu shampuu aliyoanza kutumia juzi.

Chukua karatasi uandike yaliyokupata katika kipindi hicho: kujifungua au mimba kuharibika, homa kali, upasuaji, msiba, kupungua uzito kwa haraka, kuacha au kubadili vidonge vya uzazi wa mpango, kuanza dawa mpya ya hospitali. Dawa ya hospitali usiiache mwenyewe, muulize aliyekuandikia.

Yule mama, mkwewe alikuwa amemwambia amwachishe mtoto ziwa, eti maziwa ndiyo yanayonyonya nywele. Tafadhali, mama unayesoma hapa, usimwachishe mtoto kwa sababu ya nywele. Wakati wa ujauzito homoni huzizuia nywele zisitoke kama kawaida, ndiyo maana wengi hupendeza nywele wakiwa na mimba. Ukishajifungua, homoni zinashuka, na zile zilizokuwa zimecheleweshwa zinaanza kutoka, mara nyingi kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne. Kwa wengi hali hii hutulia yenyewe, na mtoto akifikisha mwaka nywele zimesharudi.

Hatua ya 3: Pima damu

Usianze vidonge vya madini ya chuma kwa kukisia. Omba upimwe wingi wa damu, feritini, ambayo ndiyo akiba ya madini ya chuma, na homoni ya tezi ya shingo. Feritini ninaisisitiza kwa sababu damu inaweza kusomeka sawa huku akiba ikiwa imeisha, hasa kwa anayepata hedhi nzito au aliyezaa karibuni. Kama unameza bayotini, ile vitamini ya nywele, waambie maabara mapema, kwa kuwa inaweza kuvuruga majibu ya tezi.

Chakula: dagaa, nyama, maharage, choroko, mboga za majani zilizokamuliwa limau. Chai ya rangi isishuke pamoja na chakula, iache mpaka ipite kama saa moja, kwa sababu inazuia madini ya chuma yasifyonzwe.

Hatua ya 4: Kufumua

Hapa ndipo nitakapokaa sana, maana hapa ndipo nywele nyingi nzuri zinapopotelea. Mtu amekuza mwaka mzima, anaondoka na robo ya kichwa mchana mmoja.

Usifumue usiku ukiwa umechoka na kesho una safari. Usifumue na kusuka siku hiyohiyo. Na ukifumuliwa saluni na watu wawili, mmoja kila upande, wanashindana kumaliza, wasimamishe. Una haki hiyo, umelipa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kulowesha kichwa kwa maji mara tu baada ya kufumua. Kwenye shina la kila rasta kuna kifundo cha rangi ya majivu. Hicho ni vumbi, mafuta ya zamani, mba na zile nywele zilizojitenga, vyote vimejisokota pamoja. Maji yakikigusa kabla hakijachambuliwa, kinakaza kama sufi iliyolowa, na baada ya hapo mkasi ndio utakaosema. Kwa hiyo maji yasubiri.

Fanya hivi. Tafuta nywele zako zinaishia wapi ndani ya rasta kwa kuibinya kwa vidole, kisha kata chini zaidi ya hapo, acha nafasi ya kutosha. Kama huna uhakika, usikate kabisa, fumua kuanzia chini hata kama ni kazi ndefu. Kiwembe kisikaribie. Tumia ncha ya kitana cha mkia kulegeza, ukifika karibu na shina hamia kwenye vidole.

Ukiwa na nywele zako mkononi na kile kifundo kinaonekana, paka kondishena yenye utelezi au mafuta mepesi palepale kwenye kifundo. Subiri dakika chache. Kisha kitanue kwa vidole viwili kuelekea pembeni, kulia na kushoto, mpaka kiachie. Kukivuta kuelekea nchani ndiko kunakong'oa nywele nzima pamoja na zilizokufa. Kikilegea, utaona nywele zilizojitenga zinatoka zenyewe bila mvuto wowote, ngozi haisikii kitu. Ukisikia maumivu, umeshika iliyo hai, achia.

Halafu chana kuanzia nchani ukipanda juu, huku mkono mwingine umeshika shina ili kichwa kisivutwe. Chanuo liwe la meno mapana. Vile vitana vyembamba vya plastiki, vyenye mshono katikati ya jino unaokwaruza, sivitaki kichwani kwa mtu anayekuza nywele. Pitisha kucha kwenye meno ya chanuo: ikikwama popote, na unywele utakwama hapo.

Fungu likishachanika, lisokote butu uliache. Ukiliacha wazi litajifunga tena na la jirani na utarudia kazi. Kichwa kizima kikiwa mabutu, ndipo uende kwenye maji, na uoshe hayohayo mabutu bila kuyafungua yote kwa pamoja.

Mwenye nywele za dawa aongeze uangalifu. Pale nywele mpya zinapokutana na zile zenye dawa ndipo penye udhaifu kuliko pote. Shika juu ya mpaka huo unapochana, na ukihisi chanuo limekwama hapo, rudi kwenye vidole.

Aliyekaa na rasta zaidi ya wiki nane atakuta vifundo vigumu zaidi. Gawa kazi siku mbili, leo nusu ya kisogoni, kesho ya mbele. Funga kilemba ulale. Hakuna anayekukimbiza.

Kwa yule mama tulifumua mchana kutwa, mtoto akipokezanwa na dada wa kazi na mimi. Mbele, karibu na paji la uso, tulikuta vinywele vipya vifupi kama vya mtoto, vimesimama wima. Yeye alidhani zimekatika. Tulizitazama pamoja kwenye mwanga: ncha zake nyembamba, zimechongoka, wala si butu kama za unywele uliokatika. Zilikuwa zinaota.

Hatua ya 5: Msuko wa kipindi hiki

Nywele zikiwa zinanyonyoka, usizibebeshe mzigo. Rasta ndefu za kiunoni, wivingi wa kushonea, na dawa ya kulainisha viache mpaka hali itulie. Suka nywele zako mwenyewe: twende kilioni iliyolegea, mabutu, au kusuka kwa uzi. Mimi ni shabiki mkubwa wa uzi. Unanyoosha nywele bila moto, unafunika ncha, na bei yake hata mwanafunzi anaimudu. Ila uzi usikazwe shinani.

Msuko ukiuma, umekaza. Maneno ya "utazoea, ni siku mbili tu" yakatae, hata akiyasema shangazi yako. Vipele vidogo kwenye shina baada ya kusuka, au kutafuta panadol ili ulale, ni dalili kwamba mashimo ya nywele yanavutwa. Yakivutwa miaka na miaka nywele za pembezoni mwa uso huondoka. Ukiwahi kulegeza hurudi, ukichelewa ngozi huweka kovu na hazioti tena. Mwambie msusi "legeza" palepale, kabla hajaenda fungu la pili.

Na vile vinywele vipya vya mbele, usivilaze kwa jeli na mswaki kila asubuhi. Viache vikae vinavyotaka.

Hatua ya 6: Kuosha

Osha kila wiki au wiki mbili. Wengi huacha kuosha kwa kuogopa nywele zitakazotoka, lakini zinazotoka wakati wa kuosha zilishajitenga. Kama nyumbani mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, suuza ya mwisho fanya kwa maji ya mvua.

Mafuta ya nazi paka kabla ya kuosha, yanasaidia unywele usipoteze protini majini. Ya nyonyo ni mazito, yanafaa kufunika ncha, ila usitegemee yaoteshe. Kitunguu saumu kibichi kichwani sikubaliani nacho hata kidogo, kinaunguza ngozi.

Hatua ya 7: Usiyoweza kuyamaliza saluni

Nenda kwa daktari wa ngozi ukiona duara lililo wazi kabisa, au utosi unaowasha au kuunguza huku nywele zikipungua kutoka katikati kwenda nje, au ngozi imekuwa laini inang'aa bila vitundu. Utosi usichelewe nao, kuna ugonjwa unaoanzia hapo unaoacha kovu la kudumu, na unawapata zaidi wanawake weusi. Mtoto mwenye mapunye naye apelekwe, anahitaji dawa ya kumeza. Vilevile kama miezi sita imepita na bado zinamwagika, au hedhi imevurugika. Madaktari wa ngozi wapo hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo kinachofundisha fani hiyo tangu 1992.

Minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, inauzwa madukani na inawasaidia baadhi ya watu. Mjamzito au anayenyonyesha asiianze bila daktari. Anayeanza ajue kwamba wiki za mwanzo nywele zinaweza kutoka zaidi.

Hatua ya 8: Kupima maendeleo

Kioo cha kila siku kitakuchanganya. Mara moja kwa mwezi, gawa nywele katikati, simama dirisha lilelile, saa ileile, piga picha ya mstari ule kwa juu. Kisha vuta fungu moja la kisogoni ulipime kwa futi ya fundi cherehani. Tegemea kama sentimita moja kwa mwezi, wakati mwingine pungufu. Ukiona mstari umeacha kupanuka na vinywele vifupi vinajaza mbele, endelea na msuko mwepesi miezi mitatu mingine kabla hujarudi kwenye rasta, na zikirudi ziwe nene, fupi, zisizozidi wiki sita.