Kabla hujalipia seva, uliza PHP toleo gani
Ukiambiwa "seva yetu inakubali PHP" (lugha ya programu ya kuendeshea tovuti), usitoe hela bado. Uliza toleo. Laravel 11, mfumo wa kujengea tovuti kwa PHP, inataka 8.2 kwenda juu, na 7.4 iliacha kupata marekebisho ya usalama tangu Novemba 2022, ila bado kuna wanaoiuza. Mimi nililipia mwaka mzima, kupandisha tovuti ya mteja nikakuta 7.4. Hela haikurudi.

Omba akaunti ya majaribio, weka faili la mstari mmoja, <?php phpinfo(); kisha ulifungue kwenye kivinjari. Toleo liko juu kabisa. Shuka chini uhakikishe pdo_mysql (ya kuunganisha hifadhidata ya MySQL) na mbstring (ya kushughulikia maandishi) zipo. Ukimaliza lifute, maana linaanika mipangilio ya seva hadharani.

Programu ya seva ya kupeleka kurasa iwe Apache au Nginx? Yoyote, ila Nginx haiendeshi PHP yenyewe, inahitaji PHP-FPM, programu ya kuendesha PHP, pembeni.