Kabla hujanunua betri nyengine ya laptopu, angalia grafiki kwanza

Juzi binamu yangu alinijia hapa Kisauni, Mombasa, na laptopu kwapani, jasho linamtoka, ashaamua anavuka daraja aende mjini kununua betri. Akaniambia, "Kaka, betri hini ishakufa, nikichomoa chaja saa moja na nusu tu imezima, na stima ikipotea kazi yangu yote yalala." Na kazi yake ni kuedit video za harusi, na mwazijua harusi za huku, video za siku tatu nne, mteja ataka kazi yake asubuhi na stima imepotea saa mbili usiku, si jambo dogo. Nikamwambia weka pesa yako mfukoni kwanza, kaa tunywe kahawa tuiangalie.

Betri haikuwa na neno. Shida ilikuwa setingi za grafiki, yani ile sehemu ya mashine inayochora picha za skrini, na nimeamua kuandika vile tulivofanya manake nimeona watu wengi sana wakitupa betri nzima, na betri ya laptopu si bei ya mahamri.

Anza kwa kuijua hali ya betri yenyewe, usikisie. Kwa Windows bonyeza Start, andika cmd, ikifunguka andika powercfg /batteryreport halafu Enter. Itakuandikia pale pale ripoti imewekwa folda gani, ifungue na brauza yako. Tafuta mistari miwili, Design Capacity na Full Charge Capacity, wa kwanza ni betri ilivotoka kiwandani na wa pili ni inavojaa sai. Ya binamu ilitoka na 48,000 mWh, hicho ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba, na bado yajaa 41,000, yani bado iko na asilimia 85 ya nguvu zake, hio si betri ya kutupa. Ungekuta ya pili imeshuka chini ya nusu hapo sawa, kanunue, setingi hazitakusaidia sana.

Sasa fanya hesabu ndogo, hii ndo ya muhimu kuliko yote. 41,000 mWh ni 41 Wh, yani wati-saa 41. Ugawe kwa wati ambazo mashine inakula, jibu ni masaa. Ikila wati 9 unapata masaa manne na nusu, ikila wati 27 unapata saa moja na nusu, betri ni ile ile. Kwa hivo swali si "betri inakaa kiasi gani", swali ni nani anakula.

Kuona wati zenyewe sisi tulitumia HWiNFO, programu ya kupima mashine, ni ya bure, ukiifungua uchague Sensors-only, chomoa chaja, ushuke mpaka sehemu ya betri utaona Charge Rate na namba yenye alama ya kutoa mbele. Brauza iko wazi, WhatsApp iko wazi, hakuna chengine, na namba inasoma wati 26, 27. Mashine imekaa tu haifanyi kitu! Hapo nikajua kadi kubwa iko macho.

Nieleze kidogo kwa asojua. Laptopu nyingi za gemu na za kuedit zina grafiki mbili. Kuna ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe, ya Intel au ya AMD, na kuna kubwa iliyokaa peke yake, mara nyingi NVIDIA GeForce. Ile ndogo inatosha kabisa kwa brauza, Word, sinema, mitandao. Kubwa ni ya kazi nzito, na ikiwa haina kazi inatakiwa ilale kabisa, NVIDIA walileta mfumo huo wa kubadilishana mwaka 2010 wakauita Optimus. Kutumia kadi kubwa kufungua brauza ni kama kuchukua lori la kontena pale bandarini ukaenda nalo dukani kununua mkate, na tuktuk iko mlangoni. Mkate ni ule ule, mafuta ndo yatofautiana.

Na kilichoiamsha? Binamu alikuwa amefuata video moja ya kuongeza kasi ya gemu, wanakwambia ingia NVIDIA Control Panel, Manage 3D settings, uchague High-performance NVIDIA processor kwa kila kitu, na Power management mode uweke Prefer maximum performance. Akafanya, gemu likaenda vizuri, akasahau. Tangu siku hio brauza, kicheza muziki, picha ya ukutani inayosogea, vyote vinapanda lori. Hizi video zinanikera sana kwa sababu haziambii watu gharama yake.

Kuona ni programu gani zinaiamsha kwako, fungua NVIDIA Control Panel, juu kuna menyu ya Desktop, weka tiki kwa Display GPU Activity Icon in Notification Area. Pale chini kulia karibu na saa kitatokea kikadi kidogo, kikiwa na rangi kadi iko macho, kikiwa kijivu imelala. Kibonyeze kitakutajia majina. Kwa binamu yalikuwa majina matano na hakuna hata moja lililohitaji kadi kubwa.

Tukaenda hivi. Manage 3D settings tukarudisha Auto-select, Power management mode tukaitoa hapo kwa maximum tukaweka Normal, kwengine imeandikwa Optimal. Halafu kwa Windows yenyewe, Settings, System, Display, shuka mpaka Graphics, hapo unachagua programu moja moja, brauza ukaipa Power saving, WhatsApp Power saving, na ile ya kuedit video pekee ukaiacha High performance. Hii ya Windows inafanya kazi hata kama kadi yako kubwa ni Radeon, ile ya AMD. Ile picha ya ukutani inayosogea tukaitoa kabisa, ni nzuri lakini haina faida ya kukaa gizani. Tukarestati.

Ikiwaka tukangoja dakika mbili. Kikadi kikageuka kijivu, namba ikashuka kumi na nane, kumi na mbili, ikatulia kwa 9 na nukta, na feni ikanyamaza, ndo tukajua muda wote ule ilikuwa inapiga kelele juu ya maongezi yetu.

Hapa tahadhari. Programu za kupima kama hio HWiNFO zikiuliza kadi kubwa habari zake kila sekunde zinaweza kuizuia kulala, ukakuta unatafuta mwizi na mwizi ni kipimo chenyewe. Bonyeza kulia kwa jina la kadi kwenye HWiNFO uzime kuipima, ubaki na betri tu. Na ukimaliza ifunge.

Kama umefanya yote na kadi bado haitaki kulala angalia mambo mawili. Moja, je kuna skrini ya pili umechomeka? Laptopu nyingi za gemu tundu lake la HDMI limeunganishwa moja kwa moja na kadi kubwa, ukichomeka tu kadi inabaki macho mpaka utoe waya. Mbili, baadhi ya mashine zina programu ya mtengenezaji yenye hali ya kutumia kadi kubwa peke yake, ikiwa iko hapo setingi zengine zote ni bure, irudishe ile ya kubadilishana, kawaida itakuomba urestati.

Tukishamaliza kadi tunakuja skrini. Laptopu nyingi za gemu zina skrini ya 120 au 144 Hz au zaidi, yani ya 144 inachora mara 144 kwa sekunde hata kama unasoma barua tu. Ingia Display, Advanced display, weka 60 ukiwa kwa betri. Na mwangaza ushushe, mashine ikiwa haina kazi nzito skrini ndo mlaji mkubwa, usiku kwenye giza hata theluthi ya mwangaza inatosha na macho yako yatakushukuru. Hii ya kugeuza madirisha yawe meusi (dark mode) watu wanaisifu sana, lakini inasaidia kwa skrini za OLED tu, ambazo kila nukta yajiwakia taa yake, kwa LCD za kawaida taa ya nyuma inawaka vile vile hata ukiweka nyeusi. Zile animesheni na uwazi wa madirisha, ukitaka zima, hutaona tofauti ya maana.

Sasa gemu, na hapa nataka mtu anisikize vizuri kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Mtu anashusha grafiki kutoka Ultra mpaka Low, anafikiri ameokoa betri, anashangaa betri inaisha kwa muda ule ule. Sababu ni kwamba kadi haijui kupumzika usipoiambia. Ukiirahisishia picha, haitapunguza kazi, itatengeza picha nyingi zaidi, ilikuwa inatoa fremu 50 kwa sekunde sasa inatoa 110 na inakula wati zile zile. Lazima uweke kikomo. Ndani ya gemu tafuta Frame limit au VSync (inayozuia fremu zisizidi kasi ya skrini), au kwa NVIDIA Control Panel kuna Max Frame Rate, weka 40 au hata 30 ukiwa kwa betri. Ukishaweka kikomo NDIPO kushusha grafiki kunaleta faida, kwa sababu kila fremu inaisha haraka na kadi inapata nafasi ya kupumua kabla ya nyengine, inashusha kasi na inashusha volti. Na volti ndo siri yenyewe, umeme unaoliwa unapanda kwa mraba wa volti, kwa hivo kupunguza kasi kidogo kunapunguza ulaji kuliko unavotarajia.

Ukishakuwa na kikomo, anza na resolusheni. 1920 kwa 1080 ni pikseli 2,073,600 kila fremu, 1280 kwa 720 ni 921,600, chini ya nusu. Halafu shusha vivuli, zima ray tracing (mahesabu ya miale ya mwanga) kama ipo, punguza anti-aliasing (kulainisha kingo za picha). Texture, yani sura ya vitu, usiihangaikie sana, hio inakula zaidi kumbukumbu ya kadi kuliko umeme, iache vile ilivo gemu lisikuchukize. Hata hivo kusema ukweli gemu zito kwa betri si jambo la kutegemea, kadi na prosesa zikifika wati 60 betri ya 41 Wh haifiki dakika 45. Gemu za mpira na za zamani sawa.

Wenye zile laptopu za mtumba, ex-UK za miaka ya nyuma, zisizo na kadi kubwa, msifikiri hayawahusu. Kwenu mlaji ni video. YouTube inatuma video zikiwa zimebanwa kwa mfumo wa VP9 au AV1, na grafiki ya Intel kabla ya kizazi cha 7 haiwezi kufungua VP9 ipasavyo peke yake, AV1 ilikuja kufunguka kwa kizazi cha 11. Grafiki ikishindwa kazi inaangukia prosesa, feni inavuma, betri inakimbia. Kuna kiongezo cha brauza kinaitwa h264ify, kinailazimisha YouTube itume H.264 ambayo hata mashine ya zamani inaijua. Kwa Chrome pia ingia Settings, System, hakikisha Use graphics acceleration when available imewashwa, kuna watu waliizima zamani kwa sababu ya shida fulani hawakuirudisha. Na kwa skrini ndogo 480p haina ubaya, bando nayo itapona.

Joto la huku nalo lazima nilitaje. Betri za lithiamu hazipendi joto, na sisi Januari mpaka Machi chumba chenyewe tu kipo juu ya nyuzi 30, kwa hivo kadi kubwa ikiwa macho bure haikulii chaji ya leo tu, inaipika betri kidogo kidogo mpaka siku moja ile ripoti ya powercfg inakuja mbaya kweli. Usiiweke mashine juu ya godoro, safisha vumbi la feni, na kama mtengenezaji amekuwekea kikomo cha chaji cha asilimia 80 kitumie siku za kukaa kwa soketi.

Kitu chengine kwa wenzangu wa video, usiende mbali ukaizima kadi kubwa moja kwa moja. Wakati wa kutoa video ya mwisho iache ifanye kazi. Tuseme kadi kubwa inakula wati 40 lakini inamaliza kwa dakika 15, hio ni 10 Wh. Bila yake mashine inakula wati 20 lakini inachukua saa nzima, 20 Wh. Mara nyengine mlafi anayemaliza haraka ni nafuu kuliko mdogo anayechelewa, pima kwa mashine yako uone.

Jumamosi stima ilipotea kwao saa moja jioni ikarudi saa nne, binamu alikuwa anakata na kupanga video muda wote huo na mwangaza chini, stima iliporudi na kiyoyozi cha jirani kikaanza kulia, mashine ilikuwa bado ina asilimia ishirini na kitu.

Mwisho, ukiupdate draiva ya grafiki au Windows ikijiupdate yenyewe, rudi utazame kile kikadi karibu na saa. Wakati mwengine setingi zinarudi zilivokuwa na hakuna anayekwambia.